Kioo Kilipozimika Mbele ya Wakwe

Leo nimeanikwa. Nimeanikwa kama mahindi juu ya turubai, mchana kweupe, mbele ya wakwe, tena na kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe. Naandika haya meno yanagongana. Siyo baridi. Ni hasira. (Sawa, na baridi kidogo.)

Naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kunitumia vile vikatuni vyenu vya kucheka machozi.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni Zaina wa steshenari, hapa Lushoto mjini. Nachapa, natoa kopi, nasaidia watu kujaza maombi mtandaoni. Na kompyuta ya mtu ikisumbua, utasikia, "Mpelekee Zaina, ataiweka sawa." Naiweka sawa kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa kuna mtu anaitwa Idrisa. Ana duka la pembejeo kule Magoma, chini ya milima. Mwaka jana alipanda huku akaja dukani kwangu kuchapisha bango la mbegu. Akaondoka. Akarudi kusahihisha herufi moja. Akaondoka. Akarudi tena kusahihisha herufi ambayo haikuwa na kosa lolote. Nikaelewa. Mambo yakaenda, yakafika mahali ambapo ilibidi nisalimiane na watu wake.

Na watu wake maana yake ni Shangazi Mwanahamisi. Idrisa alifiwa na wazazi akiwa mdogo, na huyu dada wa baba yake ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfungulia duka. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nirudi zangu kutoa kopi. Umri wangu siutaji hapa, lakini wadogo zangu wawili wameshaolewa na mmoja ana mtoto anayesoma. Mnaelewa uzito wa jambo.

Tatizo ni kwamba Shangazi hapandi Lushoto. Kona za barabara ya kutoka Mombo zinamtapisha. Anasema akifika kona ya tatu anaanza kutubu dhambi. Idrisa akaja na wazo: tukutane kwa video kwanza, kusalimiana tu, halafu mambo ya barua na wazee yafuate. Nikaona ni wazo zuri. Kompyuta si ndiyo kazi yangu? Nitang'aa!

Basi leo asubuhi nikajiandaa kama naenda kuapishwa. Nikatundika shuka jipya ukutani nyuma yangu lifunike ule ufa. Nikaazima maua ya plastiki kwa jirani. Nikavaa blauzi niliyoshonewa harusi ya mdogo wangu, na ushungi wa kuendana nayo. (Hiyo ni kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini nilikuwa na suruali ya kulalia na soksi juu ya soksi. Mwezi wa saba wa Lushoto hauna utani.)

Halafu nikafanya jambo la kitaalamu. Nikaiweka meza ili niwe nimeelekea dirishani, mwanga unipige usoni, nionekane mweupe wa afya. Ni jambo ninalowashauri wateja wangu wote wanaofanyiwa usaili kwa video. Nikachomeka chaja ukutani. Intaneti nikatumia ya simu. Nikavaa spika za masikioni ili sauti isiwe na mwangwi. Kila kitu sawasawa.

Chaja niliichomeka kwa sababu betri ya kompyuta hii imekufa. Ndivyo nilivyoamini. Tangu masika, kila umeme ukikatika, kioo kinakuwa cheusi palepale. Pu! Giza. Nasubiri umeme urudi, kioo kinawaka, na kazi yangu yote naikuta ilivyokuwa, hata neno nililoliacha nusu lipo pale linanisubiri. Nilikuwa nasema, Mungu mkubwa, kompyuta hii ina adabu. (Mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilikuwa nashukuru.) Nilikuwa nimeshaagiza hadi Tanga wanitafutie betri mpya.

Mama alikaa kwenye kigoda pembeni, mahali ambapo kamera haimfikii. Mama yangu ni mtu wa heshima zake. Wanawake wa mtaa huu wakigombana, wanakuja kwake kupatanishwa. Alisema yeye hatatokea, kwa sababu haijawahi kuonekana mama wa binti anasalimiana na wakwe kwenye kioo. Lakini alitaka kusikia. Nikamwambia hatasikia, nimevaa spika. Akasema atasoma uso wangu.

Mkutano ukaanza. Idrisa akatokea, amekaa dukani kwake katikati ya mifuko ya mbolea. Akatokea na Mzee Kibwana, baba yake mkubwa, yuko kwake Tanga kwenye kochi, mjukuu kamwekea simu juu ya meza. Akatokea na Shangazi Mwanahamisi.

Nasema akatokea, lakini kilichotokea ni pua.

Jamani, sizidishi. Alikuwa ameishika simu karibu na uso, tena kwa chini. Nikaona tundu mbili, na juu yake kwa mbali ukingo wa miwani. Basi.

"Shikamoo shangazi," nikasema kwa ile sauti ya redio.

"Marahaba. Hujambo binti?" pua ikaitikia.

"Sijambo shangazi. Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, marahaba," akasema Mzee Kibwana. Tukasoma dua fupi. Dua ilipoisha, Mzee Kibwana alikuwa ameshalala. Kichwa nyuma, mdomo wazi.

Shangazi akaanza kazi.

"Bada unajua kusonga? Au huko juu ni viazi asubuhi, viazi mchana?"

"Najifunza shangazi. Mtu hamalizi kujifunza." (Bada ni ugali wa muhogo, kwa wale wa mbali. Sijawahi kuusonga hata siku moja.)

"Joto la huku utaliweza? Maana ninyi watu wa baridi mkiteremka huku mnalala tu kama mizigo."

"Nitazoea shangazi, in shaa Allah."

"Na hiyo kazi yako ya mashine. Ukiolewa unaiacha?"

Lile duka nililianza na mashine moja ya kuazima. Nimelala njaa kwa ajili ya lile duka. Nikamwangalia Idrisa kwenye kioo, nikitegemea aseme neno. Hata neno dogo! Idrisa akawa anatazama mfuko wa mbolea kama vile ndio kwanza anauona.

"Tutashauriana na Idrisa, shangazi," nikasema, na nikatabasamu. Lile tabasamu sijui nililitoa wapi. Taya ziliniuma.

"Mh," pua ikasema.

Na hapohapo umeme ukakatika.

Friji ikanyamaza. Redio ya jirani ikanyamaza. Kioo changu, cheusi. Wakati huohuo ukungu ulikuwa umepanda na jua lote limeingia dirishani, linanipiga usoni moja kwa moja. Sikuona kitu isipokuwa uso wangu mwenyewe na blauzi ya harusi.

Nikavua spika za masikioni, nikazitupa mezani.

"Imekuwaje?" Mama akauliza.

"Umeme. Imezima. Tumekatika."

"Alhamdulillahi," akasema Mama. "Uso wako ulikuwa unanitisha."

Naomba muelewe. Nilikuwa nimejibana kwa adabu muda mrefu. Adabu nayo ni kama chungu cha uji wa mtama, ukikifunika sana kinafurika. Nikavua ushungi. Nikajikuna kichwa kwa raha zangu zote. Mama akaniletea sahani ya viazi vya kuchemsha, nikachukua kimoja, nikauma, na mdomo ukaanza.

"Mama, nimeposwa na pua!"

"Na nini?"

"Na pua! Tangu tumeanza sijaona mtu. Nimeona matundu mawili. Hivi, tazama!"

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnihurumie. Ili Mama aelewe vizuri, nikainama mbele ya kompyuta, nikasogeza pua yangu kwenye kamera, karibu kabisa, nikainyanyua juu, nikasema kwa sauti nzito, "Bada unajua kusonga? Viazi asubuhi, viazi mchana!"

Ile taa ndogo ya kamera ilikuwa inawaka. (Ndiyo, niliiona. Nilidhani ni jua linarudi kwenye kioo. Msinisimange, nimeshajisimanga.)

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi mtu akinicheka vizuri sijui kuacha. Nikaendelea.

"Na yule baba mkubwa! Amelala kabla dua haijapoa. Mdomo wazi hivi! Nimeyaona magego yote mpaka la mwisho kule nyuma." Nikalala kwenye kiti, kichwa nyuma, nikakoroma.

"Na Idrisa je?"

"Idrisa? Kakaa kama gunia la kabichi. Gunia afadhali, ukilisukuma linaanguka. Shangazi yake ananiuliza niache kazi yangu, yeye anatazama mbolea! Siachi, Mama. Ile steshenari siiachi, nisonge bada nisisonge. Kama wanataka mtu wa kukaa jikoni tu, watafute huko huko Magoma."

Nilikuwa nimesimama wakati huo. Suruali ya kulalia yote hadharani. Kiazi mkononi.

Mama naye, Mungu amsamehe, akaingia. Mama yangu, mpatanishi wa mtaa! Akasogea mbele kabisa ya meza, akaweka mkono kiunoni, akasema, "Mimi tangu mwanzo huko bondeni sikupapenda. Mbu tu. Mtu anaolewa na mume, wewe utaolewa na mbu. Na huyo shangazi anayetapika kwenye kona, anajua hata sisi tunaishije huku? Kona zenyewe wala si nyingi."

Wakati anaongea tukasikia kitu. Tsii. Tsii-tsii.

"Kuna kifaranga humu," akasema Mama.

Tukatega masikio. Tsii-tsii-tsii! Kitu kinalia, kinalia kweli, kama kimebanwa.

"Yule mwenye madoa," Mama akasema. "Jana pia aliingia. Tazama chini ya kabati."

Tukainama. Nasema tukainama, na ninyi mnayajua maumbile yetu sisi watu wa ukoo huu. Mama kushoto, mimi kulia, vichwa chini ya kabati, na yaliyobaki yameelekea mezani. Mama anaita, "Kuku kuku kuku." Mimi namulika na kibiriti. Kifaranga hakuna. Sauti ndiyo kwanza inazidi, tsii-tsii-tsii, utadhani vifaranga wote wa Wilaya ya Lushoto wamefungiwa kwenye kopo.

Simu yangu ikaita. Idrisa.

Nikapokea nikiwa bado nimepiga magoti. "Haloo, samahani, huku umeme umekatika ghafla tu, tulikuwa tunaongea vizuri na shangazi..."

"Zaina," akasema kwa sauti ya chini. "Usiseme kitu kingine chochote."

"Kwani kuna nini?"

"Tunakuona."

"Mnaniona wapi?"

"Hapo. Umeshika kiazi."

Nikatazama mkono wangu. Kiazi.

Sijui kama mmewahi kusikia damu inashuka kutoka kichwani mpaka kwenye soksi. Mimi nimeisikia leo. Nikageuka polepole nikaitazama kompyuta. Nyeusi tii. Nikatazama zile spika za masikioni pale mezani. Tsii-tsii-tsii. Kifaranga nikamjua.

"Mama," nikasema, "toka hapo mbele."

"Nimemwona, yuko nyuma ya mguu wa kabati..."

"Mama. Toka. Hapo. Mbele."

Nikachukua khanga ya Mama kwenye kiti, nikajifunika mimi na kompyuta pamoja, kama mtu anayejifukiza mafua. Ndani ya giza la ile khanga ndipo nikaona. Walikuwapo! Wamefifia, wamefifia kama vivuli, lakini walikuwapo wote watatu. Nikabonyeza kile kitufe chenye kijua cha kuongeza mwanga. Nikabonyeza. Nikabonyeza. Kioo kikapambazuka. Na kwenye kona ya chini kuna alama ya betri. Imejaa! Betri niliyoitangazia msiba tangu masika, imejaa tele, haina hata mafua!

Nikarudisha spika masikioni.

Shangazi Mwanahamisi alikuwa ameipeleka simu mbali, mwisho wa mkono wake. Kwa mara ya kwanza nikamwona mzima. Mama wa makamo, miwani, mtandio wa njano, na uso ambao mtu anaweza kuuheshimu.

"Sasa hivi nimekaa sawa?" akauliza. "Mdomo unauona?"

"Shangazi..."

"Nauliza tu. Maana nisije nikawa pua tena."

"Shangazi, naomba..."

"Endelea kula kiazi chako, kitapoa. Ulikuwa umefika kwa baba mkubwa. Huyo hapo, ameamka."

Mzee Kibwana alikuwa ameamka kweli. Macho kama taa. Amefunga mdomo kwa nguvu zote, ameufunga mpaka midomo haionekani, na hakuufungua tena mpaka tulipoachana.

Mama akaniuliza nje ya khanga, "Wamerudi?" Nikamwambia hawakuwahi kuondoka. Mama akaingiza Kishambaa. Mama akiingiza Kishambaa ghafla hivyo, ujue mambo yamezidi Kiswahili. Kisha nikasikia mlango wa nyuma unafungwa, na huyo kaenda bustanini kupalilia karoti ambazo zilishapaliliwa.

Nikabaki peke yangu. Nikaomba radhi. Niliomba radhi kwa pua, nikaomba kwa magego, nikaomba kwa mbu, nikaomba kwa niaba ya Mama kuhusu kona. Nikaeleza habari ya umeme na kioo. Nikasema nilidhani kompyuta imezima.

"Kwa hiyo ikiwa imewaka una maneno mengine, na ikiwa imezima una mengine," akasema Shangazi.

Nikaivuta khanga karibu zaidi. Ninyi mna jibu lake?

"Na hiyo kazi yako. Nani alikwambia uiache?"

"Shangazi uliniuliza kama..."

"Niliuliza! Mtu haulizwi? Mimi mwenyewe nimeuza vitambaa sokoni mpaka huyu Idrisa akaota ndevu. Nilikuuliza nisikie utasemaje. Ukaniambia mtashauriana. Nikasema moyoni, huyu binti ni maji ya uvuguvugu. Kumbe majibu unayo! Umeyaweka akiba ya kumwambia mama yako!"

Sasa kwa nini asingeniambia hivyo mapema? Mimi nitajuaje kwamba swali la mtego lina jibu la ukweli? Nilikasirika, nawaambia, chini ya khanga ile ile nikiwa naomba radhi, nilikasirika upya.

Na hapo, hapo sasa, ndipo gunia la kabichi likafungua mdomo.

"Shangazi," Idrisa akasema. "Mimi kwa huyu sitoki. Kakosea, mtozeni. Lakini sitoki. Na steshenari haiachi, tulishaongea zamani, ila nilikuogopa kusema."

Nikatamani umeme urudi, nikatamani usirudi. Mzee Kibwana akatikisa kichwa kukubali, mdomo umefungwa vilevile.

Kwa hiyo kumbe mdomo anao! Kumbe alikuwa nao muda wote! Angeutumia robo saa kabla, mimi ningekuwa nimevaa ushungi wangu mpaka sasa, ni binti wa watu mwenye staha. Lakini hapana. Alisubiri mpaka nimwonyeshe shangazi yake suruali ya kulalia. (Lakini lile "sitoki" nimelisikia. Nimelisikia vizuri sana. Hayo ni mambo yangu.)

Shangazi akavuta pumzi ndefu. "Sawa. Milima yenu siipandi. Sipandi kona zile kwa ajili ya mtu aliyeniita pua. Atateremka yeye. Aje Magoma, akae na mimi siku nzima, jikoni na sebuleni, hapo nitamtazama kwa macho yangu, siyo kwenye kioo. Na aje na mama yake. Huyo mama namtaka zaidi."

"Tutakuja shangazi."

"Na uje na mdomo huo wa kwenye giza. Ule mwingine uuache huko huko."

Akakata.

Sikulia. Niliitazama ile kompyuta. Nikafanya uchunguzi, kwa utulivu kabisa, kama polisi. Nikaushusha mwanga tena pale nilipoukuta, nikachomoa chaja; umeme uliporudi, nikaichomeka: kioo kinang'aa. Nikachomoa: giza. Nikachomeka: kinang'aa. Nikachomoa: giza. Kumbe mashine hii ina mianga miwili! Mmoja wa umeme, mmoja wa betri, na kila mmoja unakaa pale ulipouacha mara ya mwisho, haumjui mwenzake. Wa umeme ulikuwa juu kabisa. Wa betri mtu alikuwa ameushusha mpaka chini, akauacha huko. Na mimi kompyuta yangu inaishi kwenye chaja kama mgonjwa kwenye dripu, ningeuona wapi?

Mtu aliyekaa akatengeneza hivi, alikuwa anamfikiria nani? Kama betri ina mwanga wake, si iseme! Ikichomolewa iandike tu pale, "Zaina, sijafa, nimefifia." Sentensi moja. Ingeokoa ukoo.

Lakini mtu. Mtu aliyeushusha ni nani? Nikawaza. Nikakumbuka masika. Nikampigia binamu yangu Athumani, yule dereva wa Fuso anayebeba kabichi za Shume kupeleka Dar. Aliiazima kompyuta yangu safari moja, eti aangalie tamthilia akisubiri kupakia.

"Athumani, wewe uligusa mwanga wa kioo kwenye kompyuta yangu?"

"Aa, ndiyo," akasema, anatafuna kitu. "Niliushusha ili chaji ikae. Kule Shume hakuna pa kuchomeka. Si unajua, nikaangalia mpaka mwisho, chaji haikuisha. Betri yako nzuri sana, dada."

"Betri yangu nzuri sana."

"Nzuri mno."

"Na kwa nini hukurudisha? Au kuniambia?"

"Nikwambie wewe?" akashangaa, tena kwa dhati kabisa. "Si wewe ndiye fundi?"

Nikakata simu. Kuna maneno mtu hatakiwi kujibu akiwa na kitu kizito karibu.

Mwanga wenyewe nimeurekebisha. Ni kazi ndogo hata aibu kuisema. Unachomoa chaja kwanza, halafu, ikiwa inatumia betri, unapandisha mwanga mpaka unapotaka. Baada ya hapo unaingia kwenye mipangilio ya betri, unaizuia isifikirie peke yake kupunguza mwanga kwa kisingizio cha kubana chaji. Basi. Dakika haiishi. Nimewafanyia watu kazi ngumu kuliko hiyo huku naongea na simu.

Mama amerudi kutoka bustanini magharibi. Haniongeleshi. Ameifunika kompyuta kwa taulo, na juu ya taulo ameweka sinia, na anapita mbele yake ameinamisha kichwa kama anapita msibani. Nilimwambia tunatakiwa Magoma, yeye na mimi. Akauliza atavaa nini. Nikamwambia chochote, wameshatuona. Akanitazama kwa jicho ambalo silielezi hapa.

Idrisa ametuma ujumbe. Anauliza, "Gunia kabisa?" Sijamjibu. Nitamjibu kesho. Akae nalo kwanza.

Najua mnacheka. Nimewaomba tangu juu na najua mnacheka. Haya, chekeni, lakini kabla ya kucheka chomoa kwanza chaja ya kompyuta yako, tazama kioo, halafu tazama umevaa nini.